Albamu Moja, Sauti Nyingi: Ipi Ndiyo Yenyewe?

Anayetaka kusikiliza Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, albamu ya The Beatles ya mwaka 1967, hakuti albamu moja. Anakuta miksi ya mono ya mwaka huo, miksi ya stirio ya mwaka huohuo, masta mpya za mwaka 2009 za hizo zote mbili, miksi mpya ya stirio ya mwaka 2017, na nyingine ya sauti ya mzunguko inayofanya bendi isikike kana kwamba imemzingira msikilizaji. Jalada ni lilelile na nyimbo ni zilezile 13, ila sauti inatofautiana. Wimbo "She's Leaving Home" kwenye mono unakwenda kasi zaidi na unaimbwa juu zaidi kuliko kwenye stirio ya 1967, kiasi kwamba mpiga gitaa aliyejifunza kuufuatisha kwa toleo moja atajikuta nje ya ufunguo akihamia lingine.

Mkanganyiko huu haujawakumba The Beatles peke yao. Albamu nyingi zinazohesabiwa kuwa nguzo za muziki wa roki, kuanzia Pet Sounds ya The Beach Boys hadi albamu ya kwanza ya Queen, sasa zimo sokoni katika sura mbili, tatu au zaidi, na majukwaa ya kusikiliza mtandaoni hayajisumbui kueleza tofauti. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu ubora wa albamu, kumbe kila mmoja anasifia au kuponda kitu kingine kabisa.

Kabla ya kupima hoja, mambo mawili yanayochanganywa kila siku yatenganishwe. Miksi ni hatua ambapo sauti zilizorekodiwa kila moja mahali pake, yaani dramu, besi, magitaa na waimbaji, huwekwa pamoja na kupewa uzito: hii juu, ile chini, hii kushoto, ile na mwangwi. Masta ni hatua ya mwisho, ambapo miksi iliyokwisha kukamilika hurekebishwa kwa ujumla wake ili ikae vizuri kwenye santuri, CD au mtandaoni. Miksi ni kupika, masta ni kupakua. Anayetoa masta mpya anapakua upya chakula kilekile. Anayetoa miksi mpya amerudi jikoni. Ugomvi mwingi ungeisha kama kampuni zingeandika wazi ni lipi kati ya hayo limefanyika, lakini neno "rimasta", yaani masta mpya, limegeuzwa kibandiko cha kuuzia kila kitu.

## Uhaba uliolazimisha maamuzi

Swali la uhalisi lina uzito kwenye albamu hizi kuliko kwenye muziki wa leo, na sababu iko kwenye vifaa vilivyozitengeneza. Tarehe 11 Februari 1963 The Beatles waliingia studio za EMI katika barabara ya Abbey Road, London, wakarekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza, Please Please Me, kwa siku moja, kwenye mashine ya njia mbili. Kanda hiyo ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi sauti mbili tu zinazojitegemea: ala huku, waimbaji kule. Kilichopigwa ndicho kilichobaki.

Miaka minne baadaye Sgt. Pepper ilirekodiwa kwa mashine za njia nne. Mtayarishaji George Martin na fundi wa sauti Geoff Emerick walikuwa na mawazo yasiyotosha humo hata kidogo. Walichofanya ni kujaza njia zote nne, kuzichanganya, kisha kuzihamishia kwenye njia moja au mbili za mashine ya pili ili zilizobaki ziwe tupu kwa sauti mpya. Kila uhamisho uliongeza mvumo kidogo na kupunguza ung'avu kidogo. Kubwa zaidi, uhamisho ulikuwa hauna marejeo: dramu na besi zikishachanganywa katika njia moja, hakuna aliyeweza kupandisha besi kesho yake bila kupandisha na dramu. Tarehe 10 Februari 1967, walipotaka kuongeza wanamuziki 40 wa okestra kwenye "A Day in the Life", fundi Ken Townsend alilazimika kubuni namna ya kuendesha mashine mbili za njia nne kwa pamoja, na wakati wa miksi kuzianzisha kwa mpigo mmoja kuliwatoa jasho.

Kwa hiyo albamu ya zama zile ilikuwa mlolongo wa maamuzi yaliyofanywa mapema, mengi yakiwa hayawezi kutenguliwa. Mtayarishaji wa leo huacha njia mia wazi kwenye kompyuta na kubadili mawazo hadi siku ya kukabidhi kazi. Wale hawakuwa na anasa hiyo, na sehemu kubwa ya ladha tunayoisifu ilitokana na kubanwa huko.

Hata uhaba ulipopungua, kanda yenyewe ilikuwa na kikomo. Mwaka 1975 Queen, bendi ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, walikuwa na mashine ya njia 24 walipoanza "Bohemian Rhapsody" katika studio ya Rockfield huko Wales. Sauti za Mercury, Brian May na Roger Taylor zilirundikwa na kuhamishwa mara nyingi hadi kanda ikachakaa. Wenyewe wamesimulia kwamba ukiinyanyua mbele ya taa uliona mwanga ukipenya. Fleetwood Mac nao, wakikamilisha Rumours ya 1977, waligundua kwamba kanda zilizochezeshwa kwa miezi zimepoteza ukali wa dramu. Kilichowaokoa ni kanda za akiba zilizorekodiwa sambamba mwanzoni. Ilibidi mtaalamu aziendeshe mashine mbili pamoja, akirekebisha kasi kwa mkono huku akisikiliza, ili dramu safi za kanda moja zikutane na sauti na magitaa ya kanda nyingine. Ajabu ni kwamba albamu iliyouzwa zaidi ya nakala milioni 40 iliponea chupuchupu namna hiyo.

Santuri nayo ilikuwa na masharti yake. Upande mmoja ukizidi dakika 20 na kitu, mitaro ya sindano hubanwa na sauti hupungua nguvu. "Silver Springs", wimbo wa Stevie Nicks wa Fleetwood Mac, uliachwa nje ya Rumours kwa sababu ya urefu na kuishia nyuma ya singo. Toleo la 2004 liliuingiza katikati ya albamu. Nicks alistahili hilo. Hata hivyo mpangilio ulioingia masikioni mwa dunia mwaka 1977 haukuwa huo, na ndipo watu wanapoanza kugawanyika.

Jambo la mwisho la usuli ni kwamba maamuzi hayo hayakuwa ya bendi peke yake. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka Machi 1973, inaonyesha hilo vizuri. Mlio wa sarafu na mashine ya fedha unaofungua "Money" ni kitanzi cha kanda kilichokatwa na kuunganishwa kwa mkono, kila kipande kikipimwa kwa urefu ili kiangukie kwenye pigo lake kati ya mapigo saba. Alan Parsons alisimamia mitambo. Chris Thomas aliletwa mwishoni kusimamia miksi. Sauti ya bawabu wa studio, Gerry O'Driscoll, imo. Clare Torry aliingia Januari 1973, akaimba "The Great Gig in the Sky" bila neno hata moja, akalipwa pauni 30 na kuondoka. Ilibidi afungue kesi mwaka 2004, na makubaliano ya mwaka uliofuata ndiyo yaliyomfanya atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. Mtu akisema "mwenye albamu ana haki ya kuibadilisha", orodha hii ya watu haina budi kukumbukwa.

## Kwa nini matoleo hayaishi

Sababu ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, kampuni zilikimbilia kuhamisha hazina zao, mara nyingi zikitumia kanda zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili ya kuchonga santuri, au nakala ya nakala. CD nyingi za mwanzo zilisikika nyembamba na kavu. Kurudi kwenye kanda ya awali na kuihamisha kwa mashine bora kulikuwa kusahihisha kosa, na masta nyingi za miaka ya baadaye zinastahili sifa kwa hilo.

Sababu nyingine zina harufu ya fedha. Albamu ya zamani haidai tena gharama ya studio, na wateja wake wa kwanza sasa ni watu wazima wenye kipato. Kila miaka kumi huzaa sherehe, na kila sherehe huzaa boksi. Sheria nayo imesukuma. Umoja wa Ulaya ulipoamua mwaka 2011 kurefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, uliacha nje zile ambazo hazijawahi kuchapishwa ndani ya miaka 50 ya mwanzo. Ndiyo maana Desemba 2013, bila matangazo ya maana, rekodi 59 za The Beatles za mwaka 1963 zilitupwa dukani mtandaoni: zilikuwa zinakaribia kuponyoka mikononi mwa wenyewe. Kisha mwaka 2021 Apple Music ikaleta sauti ya mzunguko, na mwaka 2024 ikaanza kuwalipa hadi asilimia 10 zaidi wenye kazi zinazopatikana katika mfumo huo. Anayeshangaa kwa nini kila albamu ya miaka ya 1970 imepata ghafla miksi ya namna hiyo, jibu sehemu yake ni hilo.

Teknolojia imekuja kukamilisha. Timu ya Peter Jackson, ikitengeneza Get Back, filamu kuhusu The Beatles, ilifunza kompyuta kutenganisha sauti zilizokuwa zimechanganywa kwenye njia moja: gitaa likatoka kwa dramu, mwimbaji akatoka kwa gitaa. Mwaka 2022 Giles Martin, mtoto wa George, aliitumia teknolojia hiyo kufanya miksi mpya ya Revolver, albamu ya 1966 ambayo kwa vipimo vya zamani isingefunguka. Maamuzi yale yasiyotenguka, sasa yanatenguka.

## Hoja ya kwanza: kilichotoka ndicho

Wahafidhina wanasema albamu ni tukio la kihistoria. Miksi iliyosikika 1967 ndiyo iliyobadili muziki. Hakuna aliyeathiriwa na miksi ya 2017 mwaka ule. Kuibadilisha ni sawa na kuhariri ushahidi. Wanaongeza kwamba katika miaka ya 1960 mono ndiyo iliyopewa uangalizi: The Beatles wenyewe walikaa kwenye miksi ya mono ya Sgt. Pepper, iliyochukua wiki kadhaa, huku ya stirio ikimalizwa baadaye kwa siku chache bila wao. Anayetaka kujua bendi ilikusudia nini, ajue walikuwa chumbani lini.

Nguvu ya hoja hii huonekana zaidi pale uharibifu ulipotokea kweli. Mwaka 1987 albamu za ZZ Top za miaka ya 1970 zilitolewa upya kwenye CD zikiwa zimefanyiwa miksi mpya, dramu zikavalishwa mwangwi na milio ya kidijitali iliyokuwa mtindo wa wakati ule. Kwa miaka mingi aliyetaka Tres Hombres kwenye CD hakuwa na chaguo lingine; miksi halisi ilirudi mwaka 2006. Kituko kikubwa zaidi ni cha Ozzy Osbourne. Matoleo ya mwaka 2002 ya Blizzard of Ozz na Diary of a Madman yaliondoa besi ya Bob Daisley na dramu za Lee Kerslake, ambao walikuwa katika mgogoro wa kisheria kuhusu malipo yao, na kuweka wanamuziki wengine waliorekodi sehemu hizo zaidi ya miaka 20 baadaye. Jalada halikubadilika. Mashabiki walilalamika hadi mwaka 2011 rekodi za asili ziliporejeshwa. Nikitakiwa kutaja mfano mmoja wa kwa nini wahafidhina wana haki ya kuwa wakali, nitautaja huo.

Udhaifu wao ni kwamba "ya asili" mara nyingi si moja. Capitol, kampuni iliyokuwa ikitoa kazi za The Beatles Marekani, iliuza Revolver yenye nyimbo 11 badala ya 14, kwa sababu tatu za Lennon, mmoja wa bendi hiyo, ilikuwa imekwisha kuzichomeka kwenye albamu nyingine. Kwa Mmarekani wa 1966, hiyo ndiyo iliyotoka. Tena, Rubber Soul ya stirio ambayo wengi huichukulia kuwa ya 1965 ni miksi aliyoifanya George Martin kwa ajili ya CD ya mwaka 1987. Ya awali imehifadhiwa kwenye boksi la mono la 2009, mahali ambapo asiyeambiwa hawezi kufikiria kuitafuta. Wanaoapa kwa toleo la utotoni mwao huenda wanaapa kwa miksi mpya ya zamani.

Kuna pia biashara ya usafi. Mwaka 2022 kampuni moja ya Marekani inayouza santuri za bei mbaya kwa wapenzi wa sauti ililazimika kukiri kwamba nyingi ya santuri hizo zilipitia hatua ya kidijitali, wakati wateja wakiamini zimechongwa moja kwa moja kutoka kanda. Jambo la kuchekesha, na la kufikirisha, ni kwamba masikio yaliyodai kutambua dijitali chumba cha pili hayakuwa yamelalamika.

## Hoja ya pili: mwenye kazi ana haki ya kurudi

Hapa wanasimama wasanii. Wengi wao hawakuipenda albamu yao siku ile ile ilipotoka. Albamu ya kwanza ya Queen, ya mwaka 1973, ilirekodiwa katika studio ya Trident, London, kwa saa zile ambazo wateja wanaolipa hawakuwepo. Dramu za Taylor zilirekodiwa katika chumba kidogo kilichomeza mwangwi wote, zikatoka butu, na May na Taylor wamelalamikia sauti hiyo kwa miongo mitano. Oktoba 2024 albamu ilitolewa upya kwa jina la Queen I, ikiwa na miksi mpya inayozipa dramu nafasi waliyoitaka tangu mwanzo, na wimbo "Mad the Swine", uliokuwa umeachwa nje, ukarudishwa mahali pake. Paul McCartney wa The Beatles naye hakuwahi kusamehe okestra na kwaya ambazo Phil Spector alizimwaga juu ya "The Long and Winding Road" kwenye albamu Let It Be mwaka 1970, hata akalitaja jambo hilo katika kesi ya kuivunja bendi. Let It Be... Naked ya 2003 ni jibu lake.

Hoja hii ina ubinadamu ndani yake. Kwa nini kijana asiye na fedha wala madaraka afungwe milele na chumba kibovu alichopewa usiku wa manane? Kikwazo ni kwamba mwenye kazi si mtu mmoja, na wala habaki yule yule. Spector aliitwa kwa idhini ya Lennon, ambaye aliitetea kazi ile. Lakini Naked ilipotoka Lennon alikuwa amefariki karibu miaka 23 kabla. Mercury alifariki Novemba 1991, na mpiga besi John Deacon amejitenga na muziki, kwa hiyo Queen I ni uamuzi wa wawili kati ya wanne. Labda Mercury angefurahi. Labda angecheka. Hakuna wa kuulizwa.

Wakati mwingine msanii mwenyewe ndiye mkosaji. Raw Power ya Iggy and the Stooges ilifanyiwa miksi na David Bowie kabla ya kutoka mwaka 1973, kwa haraka na kutoka kwenye kanda iliyopangwa hovyo, na kwa miaka mingi watu walisema Bowie aliifanya nyembamba. Mwaka 1997 Iggy Pop alipewa nafasi ya kuifanya mwenyewe. Alisukuma kila kitu hadi mwisho wa mizani, sindano za mita zikakaa kwenye nyekundu, na albamu ikawa moja ya zenye kelele kuliko zote zilizowahi kuwekwa kwenye CD. Wapo wanaoipenda. Lakini miksi ya Bowie, iliyokuwa ikitukanwa, ilirudishwa dukani mwaka 2010 na kupokelewa kama ndugu aliyepotea. Kulinganisha hizo mbili kunafundisha kuliko hotuba: ile ya 1997 ni ya mtu wa miaka 50 anayekumbuka hasira; ile ya 1973 ina hasira yenyewe, pamoja na uzembe wake.

Upande wa pili kuna Metallica. Kwenye ...And Justice for All ya 1988 besi ya Jason Newsted, aliyechukua nafasi ya marehemu Cliff Burton, karibu haisikiki, na mashabiki wamekuwa wakiomba miksi mpya tangu hapo. Albamu ilipotolewa upya mwaka 2018, bendi iliipa masta mpya tu na kuiacha besi ilivyo, kwa maelezo kwamba rekodi ni kumbukumbu ya walivyokuwa. Ni msimamo unaoheshimika, ingawa aliyelipia gharama yake ni Newsted, si walioutoa.

## Hoja ya tatu: sikio la leo

Wengine hawajali historia wala msanii; wanamjali msikilizaji. Stirio ya miaka ya 1960 ilitengenezwa kwa spika mbili sebuleni, na mara nyingi dramu na besi zilisukumwa zote upande mmoja, waimbaji upande wa pili. Kwenye spika hewa ya chumba huchanganya. Kwenye visikilizio vya masikioni, ambavyo ndivyo vijana wengi hutumia, sikio moja linapata ngoma na jingine linapata mwimbaji. Kijana akizima baada ya dakika moja hajaikataa albamu, amekataa kero. Miksi ya Giles Martin ya Sgt. Pepper ya 2017 ilitatua hilo kwa busara: alirudi kwenye kanda za kabla ya kuhamishwa, zikiwa bado na ung'avu wake, na akaifuata miksi ya mono kama mwongozo wa nini kiwe juu na nini kiwe chini.

Pet Sounds ni kesi ngumu zaidi. Brian Wilson, aliyekuwa hasikii vizuri kwa sikio la kulia, aliifanya kwa mono mwaka 1966, na mono haikuwa upungufu bali ndiyo mbinu yenyewe: ala tatu zikipiga noti moja ili kuzaa sauti ya nne isiyo na jina. Miksi ya stirio iliyotoka 1997, kwa idhini yake, inazitenganisha. Unasikia wapigaji mahiri wa Los Angeles mmoja mmoja, na ni starehe kwelikweli. Ila ile sauti ya nne imetoweka. Binafsi naiona stirio hiyo kama somo zuri kwa anayeijua mono, na kama mlango mbovu kwa asiyeijua.

Hatari ya hoja hii ni kwamba "leo" haidumu. Miaka ya 1990 na 2000 sikio la leo liliambiwa linataka sauti kubwa, na masta zikabanwa hadi hakuna tofauti kati ya mnong'ono na ukelele. Death Magnetic ya Metallica ya 2008 ilibanwa kiasi kwamba maelfu ya mashabiki walisaini malalamiko, baada ya kusikia kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilikuwa safi zaidi. Rimasta nyingi za albamu za kale zilifanywa katika homa hiyo. Siku hizi majukwaa makubwa hushusha yenyewe nyimbo zilizopita kiwango, kwa hiyo ubanaji ule haununui tena chochote, lakini madhara yake yamo bado kwenye mafaili.

## Nani ana haki, na kwa kiasi gani

Nikizipima, naona kila kambi inajibu swali halali kisha inalivuta mbali mno. Miksi mpya yenyewe haina dhambi. Let It Be... Naked haikumdhuru yeyote, kwa sababu ina jina lake, jalada lake, na Let It Be ya 1970 haijawahi kuondoka. Roger Waters, aliyekuwa wa Pink Floyd, alipoirekodi upya Dark Side peke yake mwaka 2023, mtu angeweza kuipuuza bila kupoteza chochote. Kinachodhuru ni kubadilishana kwa kimya: toleo jipya kukaa kwenye kiti cha la zamani likiwa limevaa nguo zake. ZZ Top na Ozzy Osbourne ni kesi za namna hiyo, na ndiyo sababu ziliuma kuliko miksi mbaya ya Iggy Pop.

Kwa kipimo hicho tishio la sasa halitoki kwa Giles Martin wala kwa Brian May. Linatoka kwenye mipangilio ya simu. Mtu mwenye visikilizio vya Apple anayebonyeza albamu ya 1973 anaweza kupewa miksi ya mzunguko iliyofanywa miaka 50 baadaye, na watu ambao huenda hawakuwahi kukanyaga studio ile, bila kuulizwa. Neno dogo kwenye skrini ndilo tangazo pekee. Wakati wa CD, aliyeuziwa toleo lililochezewa aliweza kwenda kutafuta santuri kuukuu. Kwenye mtandao, toleo likiondolewa limeondolewa kwa wote siku moja.

Msimamo wa wahafidhina basi unafaa kama sheria ya kutunza, na haufai kama sheria ya kukataza. Miksi ya kwanza ibaki kupatikana, kwa masta safi isiyobanwa, na iwe ndiyo inayofunguka mtu anapobonyeza jina la albamu. Baada ya hapo kila anayetaka arudi jikoni, mradi aandike mwaka na jina la aliyefanya miksi mahali panaposomeka, kama vile jina la mfasiri linavyoandikwa kwenye kitabu. Hoja ya msanii naipa uzito zaidi akiwa hai na wenzake wamekubali, na uzito mdogo kadiri waliokuwa chumbani wanavyopungua. Hoja ya sikio la leo naikubali kwa stirio ya miaka ya 1960, ambayo mara nyingi wasanii wenyewe hawakuijali, na naikataa kwa albamu za miaka ya 1970 zilizopangiwa kushoto na kulia kwa makusudi. Rumours haina tatizo la kutatuliwa.

Kwa msikilizaji anayeanza: Sgt. Pepper aianze kwa mono au kwa miksi ya 2017, aiache ile stirio ya haraka. Pet Sounds ni mono tu kwa mara za mwanzo. Raw Power ni ya Bowie. Dark Side ni stirio ya 1973, masta yoyote isiyobanwa sana. Kwa Queen nashindwa kuamua moja kwa moja. Dramu za 2024 ni bora bila ubishi, ila zile butu za 1973 zinaeleza kwa nini albamu ya pili ya bendi hiyo ilitoka na kiu kubwa namna ile.

Swali hili halitabaki Ulaya na Marekani. Programu za kutenganisha sauti hazihitaji kanda ya njia nyingi. Zinaweza kupasua rekodi yoyote, hata iliyochukuliwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Mwaka 2023 nyimbo za mwanzo kabisa za The Beatles, zile za njia mbili, zilipata miksi mpya kwa njia hiyo. Rekodi za muziki wa dansi zilizofanywa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ziko katika hali ileile ya kiufundi, na haitachukua muda kabla mtu hajajaribu kutoa gitaa la solo kando na kuzipandisha tumba. Anayeshika kanda hizo anapaswa kwanza kuzihamisha zilivyo, mvumo na mikwaruzo yake yote, na kuiweka nakala hiyo mahali ambapo wananchi wanaifikia kabla ya miksi ya kwanza mpya kuingia sokoni.